Kibao cha Choo na Jina la Baba Mkwe

Wanawake wa kiwanda cha jinzi pale Thetsane, Maseru, walikuwa hodari wa kubandika watu majina. Msimamizi mmoja walimwita Pasi, kwa sababu akikasirika alitoa mvuke puani. Mwingine alikuwa Kifaranga, kwa ile sauti yake. Hayo yote yalikuwa majina ya kisirisiri, ya kucheka nayo njiani jioni. Jina moja tu lilitamkwa mchana kweupe, mbele ya mwenyewe, na aliyelitamka hakuwa na nia ya utani hata chembe. Alikuwa na adabu tu, na adabu hiyo akaja kuilipia kwa figo zake.

Huyo ni 'Mathuso, mshona zipu wa laini ya tatu ya cherehani. Mwanamke mfupi, kiuno kipana, ulimi mwepesi, aliyeweza kusimulia msiba mzima wa kijiji bila kuitazama sindano. Mumewe, Seabata, alikuwa migodini Afrika Kusini na alirudi kwa Krismasi na Pasaka. Yeye na watoto waliishi Ha Abia na baba mkwe wake, mzee mjane aliyeitwa Tau.

Hapo ndipo penye fundo. Mke wa Kisotho hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki akiwa na hasira, hatamki usingizini, hatamki hata nyumba ikiungua. Na si jina tu, hata neno linalofanana nalo analikwepa na kutafuta jingine. Tau maana yake simba. Basi tangu siku alipofunikwa blanketi la ndoa, 'Mathuso hakumtaja tena mnyama yule kwa jina lake. Kwake simba alikuwa Manywele. Aliwasimulia wanawe hadithi za Manywele na sungura, mpaka Thuso, kifungua mimba wake, akaandika hivyo kwenye mtihani na kurudi nyumbani na sifuri na machozi. Mzee Tau alicheka wiki nzima. Alimpenda sana mkwe wake kwa hilo. "Huyu," aliwaambia wenzake kwenye pombe, "amelelewa."

Mambo yalikwenda vizuri mpaka msimamizi wa laini ya tatu alipobadilishwa. Aliyekuja alikuwa Msotho mwenzao, lakini wa kukulia Welkom, Afrika Kusini, kwenye machimbo ya dhahabu, mtu wa viatu vya kung'aa na manukato yanayotangulia kufika. Siku ya kwanza alipanda juu ya boksi ili wamwone.

"Mimi naitwa Tau," alisema. "Na sipendi kuitwa ntate, ntate, baba wa kila mtu, kama mchunga ng'ombe. Kina ntate wako wengi. Anayetaka kitu kwangu aniite kwa jina langu, Ntate Tau. Nalitaka nilisikie masikioni."

'Mathuso alihisi kama sindano imempita kidoleni.

Na kitu ambacho kila mwanamke alikitaka kwake kilikuwa kibao. Laini nzima ilikuwa na vibao viwili vya mbao vyenye kamba, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda chooni bila kimojawapo kuning'inia shingoni. Msimamizi wa zamani alivitundika kwenye msumari, kila mtu akajichukulia. Huyu alivitia mfukoni mwa suruali yake.

Siku hiyo hiyo, kabla ya kengele ya chakula, 'Mathuso alibanwa. Akaenda mbele, akakunja magoti kidogo.

"Ntate, naomba kibao."

"Ntate nani?"

'Mathuso alifikiri haraka. Kukaa kimya ni jeuri. Kutamka ni kumvua nguo baba mkwe mbele za watu. Akashika njia aliyoizoea.

"Ntate Manywele," alisema kwa sauti laini kabisa.

Laini ya tatu ilinyamaza, hata cherehani zikanyamaza. Kwa maana Ntate Tau wa Welkom, jamani, hakuwa na unywele hata mmoja. Kichwa chake kilikuwa kitupu, kinang'aa chini ya taa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Ndipo Libuseng, wa cherehani ya jirani, akatoa mlio kama puto linalotoka upepo, na laini yote ikaangua kicheko.

"Unakicheka kichwa changu?"

"Hapana, ntate, ni kwa ajili ya baba mkwe wangu..."

"Baba mkwe wako anahusikaje na kichwa changu?"

Mama mmoja mtu mzima alijaribu kumweleza kwamba ni heshima ya wake, kwamba hata mama yake mwenyewe lazima aliishika. Msimamizi akajibu kuwa mambo ya milimani yabaki milimani, na kibao 'Mathuso atakipata siku atakapolitaja jina kama wenzake. 'Mathuso akarudi kwenye zipu zake, na haja yake akarudi nayo.

Tangu siku ile mtu yule alimganda. Alikuwa na mtindo wa kuja kwa nyuma kimya kimya, kisha kutikisa fungu la funguo karibu na sikio lake. "Malkia wa Ha Abia, leo umelikumbuka jina?" Alikaa nyuma yake mpaka shingo ya 'Mathuso ikakakamaa. Zipu iliyonyooka aliiita kombo, ikafumuliwa. Wengine walipopewa kibao aliwalazimisha walitaje jina lake mara mbili tatu, polepole, huku amemkazia 'Mathuso macho, na raha ikimmeremeta usoni kama mtu anayelambishwa asali. Kuacha kazi nako hakukuwezekana. Pesa za Seabata zilikuja kwa kusuasua, na watoto hawali kwa kusuasua.

Libuseng hakuvumilia. Alikuwa na kaka seremala, na kaka yule akachonga kibao cha tatu, kamba ile ile, rangi ile ile ya kuchakaa, wakakipaka hata jasho la mikono. 'Mathuso alikificha chini ya sweta. Msimamizi akienda ofisini, yeye chooni. Majira mazima ya baridi yalipita hivyo na wakajiona wajanja wa Lesotho yote.

Siku ya kukamatwa, alitoka chooni kibao kikicheza kifuani, akakutana na msimamizi uso kwa uso. Msimamizi akatia mkono mfukoni, akatoa kibao kimoja. Akatia tena, akatoa cha pili. Akakitazama kile cha shingoni.

"Hiki kimezaliwa lini?"

Libuseng akadakia kutoka kwenye cherehani yake. "Labda hivyo viwili vimekaa pamoja mno humo mfukoni, ntate."

Kicheko cha siku hiyo kilivuka laini ya tatu kikafika kwa wakata vitambaa. Lakini bei yake ilimwangukia 'Mathuso. Cherehani yake ilihamishwa ikawekwa mbele kabisa, pembeni ya meza ya msimamizi, na hapo hapakuwa tena na kibao cha ujanja.

Kilichofuata kilikwenda taratibu kwa miaka, ndiyo maana watu hawakukiona. 'Mathuso alijifunza kutokunywa. Chai ya asubuhi aliiacha, kisha akaacha maji ya mchana, kisha mchuzi. Papa, ule ugali wa kwao, aliimeza kavu na mboga iliyokamuliwa. Kibofu akakifundisha kukaa kimya kama mtoto kanisani, na kikafundishika vizuri mno, kwa sababu baadaye hata nyumbani, mlango umefungwa na hakuna anayemsubiri, alikaa chooni akikibembeleza na kisitoke kitu. Homa zikaanza, na maumivu chini ya mbavu, mkojo ukimwunguza kama pilipili. Alijikanda kwa jiwe la moto lililofungwa kitambaani, asubuhi akaenda kazini. Usingizini alisaga meno, mpaka gego likapasuka siku moja akila papa, chakula ambacho hata kibogoyo hukila bila wasiwasi.

Na kulikuwa na zile funguo. Zilikuwa zimemwingia mwilini. Mzee Tau alikuwa na kopo la ugoro lenye mnyororo, na jioni moja lililia nyuma ya 'Mathuso akiwa jikoni. Chungu cha mboga kiliruka, mboga ikabaki ukutani.

"'Mathuso, mwanangu, kuna mtu amekuroga?"

"Hapana, ntate. Ni uchovu tu."

"Uchovu haurushi chungu."

Akafuta ukuta. Angemwambiaje? Kisa chenyewe kilikuwa na jina la mzee katikati.

Kisha miguu ikavimba, uso nao ukajaa asubuhi. Majirani wa Ha Abia, ambao ni wepesi wa kuona na wazito wa kusaidia, wakaamua ana mimba.

"Wanakuhesabia miezi," Libuseng alimwambia. "Wanamhesabia na Seabata. Hesabu zinakataa, wanarudia tena kwa vidole."

"Waambie ni mimba ya kibao."

Walicheka, na katikati ya kicheko 'Mathuso akalazimika kuketi chini, pumzi imekatika. Libuseng ndiye aliyemshika mkono akampeleka zahanati ya wafanyakazi.

Muuguzi wa pale alikuwa mama mkavu asiyependa porojo. Alimpima presha, akatazama mashine kama imemtukana, akapima tena.

"Maji unakunywa kiasi gani?"

"Nakunywa Jumapili."

Muuguzi aliweka kalamu mezani. Majibu ya damu na mkojo yalipokuja, alimweleza bila kumzungusha. Miaka ya kujizuia na ya maambukizi yasiyotibiwa ilikuwa imezila figo, na presha, iliyopandishwa kila siku na hofu na hasira za kumeza, ilikuwa inamalizia kilichobaki. "Sehemu iliyokufa haifufuki, 'm'e, mama yangu. Iliyobaki tunaweza kuitunza. Dawa nitakupa. Lakini nikikupa dawa nawe ukarudi kukaa kwa mtu huyo bila maji na bila choo, ni kama nazitupa mtoni. Mwisho wake ni mashine ya kusafishia damu, na foleni ya mashine hizo hutaiweza."

"Nikiacha kazi watoto watakula nini?"

"Hilo siwezi kulipima hapa. Ila nyumbani kwako lazima mtu mmoja ajue."

Kwa bahati, chama cha wafanyakazi kilikuwa kimeshinda jambo moja baada ya kelele nyingi. Wasikilizaji wa nje wangekuja kiwandani kupokea malalamiko ya wanawake, na msimamizi atakayeonekana na kosa angeondolewa. Sharti lao moja: mlalamikaji aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, nani amemfanyia nini. Hawakutaka malalamiko ya "mtu fulani".

Libuseng alipomletea habari hizo alikuwa anaruka. 'Mathuso alimtazama tu.

"Kwa mdomo wangu," alisema. "Kwa hiyo tumerudi pale pale."

Jioni hiyo alimtengea mzee chakula, akapiga magoti, akaanza kwa mbali. "Ntate, msimamizi wangu ni wajina wako."

Kidogo kidogo kisa chote kikatoka. Alipofika kwenye Ntate Manywele mwenye kipara, mzee alicheka mpaka ugoro ukamwingia puani, akapiga chafya, akacheka tena. Alipofika kwenye kibao aliacha kucheka.

"Hakukupa?"

"Hakunipa, ntate."

"Kwa miaka yote hii?"

"Alinipa siku zile alipokuja bosi mkubwa kutembelea."

Mzee Tau aliizungusha papa sahanini. Alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi ujana wake wote, na aliwajua watu wa aina ile. "Basi jina langu ndilo lililokuziba," alisema mwishoni. "Leo nakufungulia. Litaje. Mimi mwenyewe nimesema."

'Mathuso alivuta pumzi. Akafungua mdomo. Ikatoka kwikwi. Akajaribu tena, uso ukamwiva, machozi yakamlenga, ikatoka kwikwi nyingine kubwa zaidi. Mdomo ulikuwa umefundishwa kama kibofu kilivyofundishwa, na ruhusa ilikuwa imechelewa kote kuwili.

"Acha, acha," mzee akamwambia, "utameza ulimi, nami nitamwambia nini Seabata."

Siku ya wasikilizaji ilipofika, walikaa kwenye bwalo la chakula nyuma ya meza ndefu, wakiongozwa na mama mmoja mwenye miwani aliyeitwa 'M'e Polo, katibu wake akiandika kila neno. Msimamizi alipewa kiti pembeni. Alikaa miguu imepishana, funguo mapajani. Kufikia wakati huo ile heshima ya wake alikuwa amekwisha kuielewa vizuri sana, na ndiyo iliyomfanya atabasamu.

"'M'e 'Mathuso," alisema 'M'e Polo, "unamlalamikia nani?"

"Msimamizi wa laini ya tatu."

"Laini ya tatu imewahi kuwa na wasimamizi kadhaa. Jina lake?"

"Ni yule pale, amekaa."

"Tunahitaji jina, 'm'e."

"Ni wajina wa baba mkwe wangu."

"Baba mkwe wako anaitwaje?"

Libuseng, kwenye benchi la nyuma, alijifunika uso kwa kitambaa, mabega yakimtikisika.

"Mama mwenyekiti," msimamizi akaingilia kwa upole wa mafuta, "mnaona wenyewe. Hana mtu wa kumtaja. Huyu mama anaumwa, sisi sote tunamwonea huruma, labda apumzishwe kazi."

'Mathuso alisikia funguo zikilia. Mikono ikaanza kutetemeka kama siku zote, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba watu wa mezani wanaiona mikono ile. Hakuificha. Aliiweka juu ya meza yao.

"'M'e Polo," alisema, "wewe umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Basi nimsaidie katibu wako. Baba mkwe wangu yuko hapo getini, amekaa na wauza maandazi ya makoenya. Muulizeni mwenyewe anaitwa nani. Mimi nitaziba masikio kwa heshima."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, na waliokuwa karibu wanaapa kwamba alikuwa anajizuia asicheke. Akaagiza mzee aletwe.

Aliingia na blanketi lake zuri na kofia ya majani, mafuta ya makoenya yakimeremeta ndevuni. Msimamizi alisimama. "Huyu si mfanyakazi. Huyu ni mgeni hapa."

"Mimi si mgeni," alisema mzee. "Mimi ndiye jina lenyewe. Naitwa Tau. Nililipewa na baba yangu, nikalipeleka machimboni nikalirudisha safi. Huyu bwana naye ni Tau, hilo hakuliiba. Lakini jina la watu amelitundika mlangoni pa choo, likamzuia mtoto wangu kukojoa. Mimi ndiye mwenye haki ya heshima ile, na siku zote hizo sijawahi kumuuliza 'Mathuso anakwenda wapi akitoka nje. Sasa yeye, ambaye hata mahari hakutoa, alitaka heshima gani?"

Bwalo lilichafuka kwa vicheko. Alipotulia kila mtu, 'M'e Polo akamwambia katibu, "Andika Tau wa laini ya tatu, si Tau wa Ha Abia." Kisha akamgeukia 'Mathuso. "Endelea, 'm'e. Sasa tunajua ni nani."

Na 'Mathuso akaendelea. Alisema yote, bila kulia na bila kuharakisha: maji aliyoyaacha, homa, jiwe la moto, gego, chungu cha ukutani. Alisema jinsi anavyokaa chooni kwake mwenyewe akisikiliza kama kuna mtu nyuma. "Mnaweza kumwondoa leo," alisema, "nami nitashukuru. Lakini mjue kwamba jioni nikienda nyumbani nitakwenda naye. Amekaa humu." Akajigusa chini ya mbavu. Hapo hakuna aliyecheka. Baada yake walisimama wengine ambao hawakuwa wamepanga kusema, na hao jina walilitaja bila shida yoyote.

Msimamizi aliondolewa laini ya tatu. Kumfukuza kabisa hawakumfukuza, viwanda navyo vina watu wake. Walimpeleka ghala la maboksi matupu, ambako hakuna mtu wa kumwomba chochote, na inasemekana alikuwa akijitambulisha kwa madereva wa malori wasiouliza. Vibao navyo vilikwisha. Libuseng aliviomba kama kumbukumbu, akawashia navyo moto wa makoenya.

Lakini figo hazikurudi. Muuguzi alikuwa amesema, na ikawa hivyo. 'Mathuso alifanya kazi miaka michache zaidi, kisha miguu ikakataa, akaacha mapema kuliko wenzake wa umri wake. Vidonge vya presha anameza hadi leo, chumvi ameagana nayo, na kila mwezi anakwenda zahanati kutolewa damu. Mashine hajafika, na kila mwaka asiofika anauhesabu kuwa ushindi. Mtu akitikisa funguo nyuma yake bado anashtuka, kisha anageuka na kumtukana mwenye funguo, awe nani.

Maji ndiyo dawa anayoipenda. Anatembea na chupa kubwa kama mtu anayekwenda kulima. Katikati ya mahubiri, kwaya imesimama, mchungaji amefika pale anapopandisha sauti, 'Mathuso anaifunika chupa yake, anakusanya blanketi, na anatoka kwa kupitia njia ya katikati, polepole, mbele za wote. Mwaka jana mchungaji mgeni alikatiza mahubiri, akamuuliza kwa upole mama anakwenda wapi.

"Kukojoa, ntate," alimjibu, bila kusimama.